Laptopu yenye Linux haishiki Wi-Fi: iulize mashine kabla hujaifomati

Laptopu nyingi za mtumba ninazoletewa zikiwa na Ubuntu au Linux Mint na lalamiko la "Wi-Fi haishiki" zinakuwa zimeshafomatiwa mara mbili. Zisipofomatiwa, mwenyewe ameshabandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) amri kumi za kadi ya Wi-Fi asiyo nayo, na kazi yangu ya kwanza inakuwa kufuta alichoweka. Kufomati hakusaidii hapa: kilichokosekana mara ya kwanza kitakosekana na ya pili. Iulize mashine maswali machache kwa mpangilio, kisha simama pale inapojibu vibaya.

Hatua ya 1: pata intaneti ya muda

Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama mtandao wa waya, bila kuweka draiva yoyote (programu ya kuendeshea kifaa). Isipoiona, badilisha waya kwanza. Nyaya nyingi za bei poa zinapitisha chaji tu. Na chunga bando lako, maana Ubuntu ikinusa intaneti huanza kuvuta masasisho kimyakimya.

Hatua ya 2: je, imezimwa tu?

`rfkill list`

Tafuta mstari wenye `phy0`, ndiyo kadi yenyewe. Kwenye HP utaona pia `hp-wifi`. Hicho ni kitufe tu, kisikuchanganye. Ukisoma `Soft blocked: yes`, mfumo ndio umeizima:

`sudo rfkill unblock wifi`

Ukisoma `Hard blocked: yes`, acha kuandika amri, tumia kidole. Dell Latitude za zamani zina kiswichi ubavuni, ThinkPad X200 na wenzake wanacho mbele, na HP nyingi zina kitufe cha F12 chenye kitaa: cha rangi ya machungwa maana yake imezimwa. Nimeshapokea Latitude ambayo kiswichi chake kilisukumwa na daftari ndani ya begi. Mwenyewe alikuwa ameshanunua kadi nyingine.

Kama `phy0` haipo kabisa, endelea.

Hatua ya 3: ijue kadi kwa namba

`lspci -nnk | grep -iA3 network`

Jibu litafanana na hili:

`Network controller [0280]: Broadcom BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]`

Namba za mwisho ndizo kitambulisho. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros. Kisha angalia chini yake kama kuna `Kernel driver in use`. Kama huo mstari haupo, kadi inaonekana ila haina draiva. Na kama kadi yenyewe haitajwi popote, hiyo si kazi ya terminali. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine kabla Linux haijawaka) uone kama imefungwa, au fungua kifuniko uisukume vizuri kwenye nafasi yake.

Hatua ya 4: tiba kwa aina ya kadi

Intel ndiyo isiyosumbua. Draiva yake, `iwlwifi`, imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Kinachokosekana huwa ni fimweya, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Uliza:

`sudo dmesg | grep -i firmware`

Ukiona `failed with error -2`, maana yake faili halikupatikana. Kwenye Ubuntu sasisha `linux-firmware`. Kwenye Debian, aina nyingine ya Linux, weka `firmware-iwlwifi`, iliyo kwenye fungu la `non-free-firmware`. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 fimweya hizo zinakuja na diski rasmi ya kusakinishia, kwa hiyo kilio hiki kimepungua sana.

Broadcom inataka uvumilivu. Kwa ile BCM43142 ya mfano wa juu, kwenye Ubuntu:

`sudo apt install bcmwl-kernel-source`

Kwenye Debian ni `broadcom-sta-dkms`. Lakini BCM4312 yenye namba 14e4:4315 mimi huiwekea `firmware-b43-installer`. Ndiyo maana nasisitiza namba kwanza.

Hapa watu wengi wanakwama kwenye Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokataa draiva ambayo ufunguo wake haujasajiliwa. Wakati wa kusakinisha utaombwa utunge neno la siri. Ukiwasha upya, skrini ya buluu inatokea na kuhesabu sekunde kumi tu. Ukienda kuchukua chai umeikosa. Bonyeza kitufe chochote, chagua `Enroll MOK`, andika lile neno. Usipofanya hivyo, draiva itakataliwa na utaletewa `Key was rejected by service`.

Realtek RTL8723BE ina kituko chake. Kijana mmoja wa chuo aliniletea HP: "Shikamoo fundi. Inashika nikiiweka juu ya ruta kabisa, nikirudi kitandani inapotea." Nikapoteza nusu siku kubadilisha kerneli. Kumbe kadi ile ina matundu mawili ya antena, kiwandani wamechomeka waya mmoja, na draiva inasikiliza tundu lililo tupu. Jaribu hivi:

`sudo modprobe -r rtl8723be`
`sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2`

Isipobadilika weka 1. Mawimbi yakijaa, ifanye ya kudumu kwa namba iliyokubali:

`echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`

Hatua ya 5: inashika, halafu inakatika

Mara nyingi ni kubana umeme. Fungua `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, badilisha `wifi.powersave = 3` iwe 2, kisha:

`sudo systemctl restart NetworkManager`

Kama mashine ina Windows pembeni, zima huko ile hali ya kuwaka haraka (Fast Startup). Windows ikizimwa nusunusu inaweza kuiacha kadi imeshikiliwa, ukija Linux haiamki.

Ukishindwa kabisa

Nunua kadi ya USB yenye chipu ya AR9271. Inafanya kazi ukichomeka tu. Ila usinunue kwa kusoma boksi. TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ina chipu hiyo, matoleo ya 2 na 3 yana Realtek, na jina la nje ni lile lile. Nenda na laptopu dukani, chomeka, andika `lsusb`. Ukiona `0cf3:9271`, toa hela.