Vifaranga, paka na ndoo ya dagaa

Kwa mnaoanza kufuga kuku wa kienyeji uani huku Mwanza, na nyumbani tayari kuna paka au mbwa: angalieni sana dagaa. Wengi wetu tunachanganya dagaa waliosagwa kwenye pumba za mahindi ili vifaranga wapate protini, na ni chakula kizuri kweli. Ila paka mara nyingi huanza kwa kufuata ile harufu. Akifika akakuta vifaranga wanamkimbilia miguuni, habari inabadilika. Weka dagaa kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na banda, na vifaranga uwalishie ndani ya tenga au wavu wa matundu madogo ambayo mguu wa paka haupenyi. Kuku mkubwa si rahisi kuguswa, hasa akiwa na watoto.

Mbwa mpe chakula kabla hujafungulia kuku, na siku za mwanzo mfunge kamba azoee kuwaona wakipita. Kuku akifa usimtupie mbwa, tafadhali. Mchimbie shimo refu. Mzoga ukiburuzwa uani unaweza kusambaza kideri (ugonjwa wa kuku wa kuambukiza, Newcastle), na chanjo yake ya matone ni tone moja tu jichoni, kurudiwa kila baada ya miezi 3.