Tarehe zinazogeuka ndani ya makro ya Excel

Katika ofisi za uwakala wa forodha hapa Mombasa, orodha ya makontena mara nyingi hufika kama faili la CSV (faili la maandishi ambalo data zake hutenganishwa kwa koma), na tarehe zake huandikwa kwa desturi yetu, siku ikitangulia mwezi. Makro (programu ndogo ya kujiendesha ndani ya Excel) inapolifungua faili hilo, VBA, yaani lugha inayoandikiwa makro, huzisoma tarehe kwa kawaida ya Marekani: 04/03/2024, yaani tarehe 4 Machi, huwa tarehe 3 Aprili, ilhali 13/03/2024 hubaki maandishi tu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Hakuna onyo lolote linalotokea, na hesabu ya siku ambazo kontena limekaa bandarini hupotoka kwa siku 30.

Kwanza, hakikisha kosa lipo. Excel huhifadhi tarehe kama namba ya siku, kwa hiyo soma seli kwa Value2, inayoonyesha namba hiyo ghafi: 45355 ni tarehe 4 Machi 2024, na 45385 ni tarehe 3 Aprili.

Wengi hutosheka kuongeza Local:=True kwenye Workbooks.Open, amri ya kufungua faili. Njia hiyo hufuata mpangilio wa kompyuta husika, nami nimewahi kukuta kompyuta mbili za ofisi moja zikitoa majibu tofauti kwa makro ile ile. CDate, inayogeuza maandishi kuwa tarehe, ina udhaifu huo huo, kwa hiyo siitegemei.

Ninachopendekeza ni kulisoma faili mstari kwa mstari kwa Line Input, kabla Excel haijazigusa tarehe, kisha kuzijenga mwenyewe kwa DateSerial, inayounda tarehe kutoka mwaka, mwezi na siku (maandishi hapa ni tarehe kama ilivyoandikwa kwenye mstari):

sehemu = Split(maandishi, "/")
siku = CInt(sehemu(0))
mwezi = CInt(sehemu(1))
tarehe = DateSerial(CInt(sehemu(2)), mwezi, siku)

Usiishie hapo, kwa sababu DateSerial haikatai tarehe isiyokuwepo: ukiipa 30/02/2024 hukurudishia tarehe 1 Machi, na mwezi wa 13 huufanya Januari ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo linganisha tarehe iliyojengwa na siku na mwezi ulioisoma; hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na mimi siikubali makro isiyokuwa nayo:

If Day(tarehe) <> siku Or Month(tarehe) <> mwezi Then

Sharti hilo likitimia, simamisha kazi na uonyeshe namba ya mstari wenye kasoro, ili karani airekebishe kutoka kwenye hati ya asili.

Unapoandika kwenye seli, weka tarehe yenyewe, wala si maandishi yaliyotoka kwenye Format (inayogeuza tarehe kuwa maandishi), kwani maandishi hayo yatasomwa upya kwa kawaida ya Marekani. Sura utaipanga baadaye kwa NumberFormat = "dd/mm/yyyy".