Uji wa Nazi wa Kusini, Ukiwa Ughaibuni

Wewe uliyekulia Lindi, Mikindani au Masasi na sasa uko Leicester au Minneapolis, usiridhike na uji wa pakiti. Unga wa ulezi uulizie kwenye maduka ya Wahindi, wao huuita ragi. Wa mtama ni jowar. Wa muhogo uko kwa Wakongo na Wanigeria, ila usichukue tapioka: ile ni wanga mtupu, uji wake unavutika.

Kubwa ni tui. Tafuta kopo la nazi na maji tu, bila vikorombwezo, ulilaze kwenye friji usiku kucha. Usilitikise. Asubuhi tui zito utalikuta limeganda juu, jepesi liko chini.

Lita moja ya uji inatosha nusu kikombe cha unga. Ukoroge kwanza kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka pamoja na lile tui jepesi, mwiko usitulie. Punguza moto, uache kama dakika 15, kisha onja. Ukisikia unga mbichi ulimini, bado. Tia sukari, chumvi chembe, iliki na pilipili manga uliyotwanga saa hiyohiyo (ya kopo imeshapoteza harufu). Tui zito ndilo la mwisho. Likianza tu kutokota, epua. Likichemka sana linakatika, mafuta yanaelea juu.

Sasa kuandaa, na hapa sibembelezi mtu: uji wa nazi ni wa kikombe. Uwe mwepesi wa kuteremka wenyewe. Kwenye baridi ya huko, suuza vikombe kwa maji ya moto kwanza, la sivyo unapoa kabla mgeni hajakaa vizuri. Unywe kwa kupiga funda ndogo ukingoni, ukizungusha kikombe, maana pembeni ndiko unakopoa mapema. Watoto watilie kwenye bakuli pana. Anayependa uchachu akamulie ndimu kikombeni mwake, si sufuriani. Mimi hunyunyizia korosho zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Mtu wa kusini asikose korosho nyumbani.

Mwezi wa Ramadhani, tanguliza tende, uji ufuate, muhogo wa nazi baadaye.

Ukienda nao zamu ya usiku kwenye chupa ya chai, uongezee maji ya moto kidogo kabla ya kufunga, kwa sababu humo ndani utaendelea kuwa mzito.