Namna ya Kuitetea Mikoko na Bahari kwa Sheria, Unguja na Pemba

Mkulima wa Pemba ambaye bonde lake la mpunga huingiwa na maji chumvi kila bamvu, yaani maji makubwa, hawezi kuishitaki bahari, wala si rahisi kwake kuzifikisha mahkamani nchi za mbali zilizochoma makaa na mafuta kwa vizazi. Hatua ya kwanza, basi, ni kuutafuta uamuzi wa karibu uliozidisha madhara: kibali cha kukata mikoko iliyokuwa ikivunja mawimbi, ruhusa ya kuchimba mchanga, ujenzi wa hoteli usiofanyiwa tathmini ya athari za mazingira, au ukimya wa taasisi iliyopaswa kuzuia. Shauri lisilo na uamuzi wa kulalamikiwa huishia kuwa hotuba.

Pili, ijue sheria inayokuhusu. Mazingira si jambo la Muungano, na hivyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotajwa mara nyingi katika makongamano, ni ya Tanzania Bara. Ya kwetu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015, ambayo msimamizi wake ni ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Katiba ya Muungano, hata hivyo, inafika huku: ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, ibara ya 26 inamruhusu kila mtu kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria, na ibara ya 27 inamtaka kila mtu alinde maliasili. Katika shauri la Joseph Kessy la mwaka 1988 dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, lililohusu jaa la taka la Tabata, Jaji Lugakingira alikubali kwamba kuwaweka watu katika moshi na uchafu ni kuigusa haki yao ya kuishi. Hukumu hiyo ya Bara haiifungi Mahkama Kuu ya Zanzibar, lakini wakili mzuri ataitumia kushawishi.

Tatu, kusanya ushahidi, na hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote. Piga picha sehemu ile ile, wakati wa bamvu na wakati wa maji mafu, na uandike tarehe na saa. Wakulima wa mwani watunze daftari la mavuno, wakionesha lini mwani ulikufa na kilo ngapi zilipotea. Wazee waeleze kwa maandishi mstari wa mikoko ulikuwa wapi, wataje mchu, mkoko na mkandaa kwa majina yake, kisha watie saini mbele ya sheha. Kumbukumbu za vikao vya kamati ya uvuvi au ya uhifadhi zina uzito mkubwa, kwa sababu ziliandikwa kabla ya ugomvi kuanza. Ombeni pia kwa barua nakala ya kibali na ya ripoti ya tathmini. Msipojibiwa, hifadhini nakala ya barua yenu yenye muhuri wa kupokelewa, kwani nayo inathibitisha kwamba mliuliza.

Malalamiko yaanze kwa sheha, yaende Wilaya, kisha ZEMA, yote kwa maandishi. Kwa msaada wa wakili kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, pamoja na wasaidizi wa sheria walioko mitaani na vijijini. Waulizeni mapema kuhusu notisi inayotakiwa kabla ya kuishitaki Serikali. Mbele ya Mahkama, ombeni kwanza zuio na kurejeshwa kwa eneo katika hali yake, na fidia ije baadaye. Fidia pekee hugawanywa ikaisha, na ufukwe ukabaki wazi.

Ipo pia Mahkama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, ambayo mkaazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuiendea moja kwa moja. Mwaka 2014 ilizuia mpango wa Serikali wa kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti. Lakini muda wake ni miezi 2 tu tangu uamuzi kutolewa au mlalamikaji kuujua, na Novemba 2023 shauri la bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda hadi Tanga lilitupwa kwa kuchelewa. Tarehe mliyokijua kibali iandikeni siku hiyo hiyo.

Na haki za maumbile yenyewe? Ecuador iliziweka katika Katiba yake mwaka 2008, na jirani yetu Uganda ikazitambua katika Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019, inayomruhusu mtu kwenda mahkamani kwa ajili ya maumbile hayo. Zanzibar haijafika hapo, na kumwambia jaji kwamba mikoko ni mlalamikaji ni kujitafutia pingamizi la awali. Njia ninayoiona ya maana kwa sasa ni mikataba ya jamii ya kusimamia misitu chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 1996: mkataba unapoandikwa au kuhuishwa, pendekezeni kifungu kinachoipa kamati wajibu wa kusema kwa niaba ya msitu, na mpelekeeni mwakilishi wenu wa Barazani nakala yake.