Kuchora nyuma ya kioo kwa njia ya Mor Gueye wa Dakar

Mor Gueye, mchoraji wa Dakar na mfuasi wa tarika ya Kisufi ya Murid, alijulikana kwa picha za Sheikh Amadou Bamba, mwanzilishi wa tarika hiyo, alizozichora kwenye vioo, na mwaka 2003 kazi zake zilionyeshwa katika Makumbusho ya Fowler, Los Angeles. Nchini Senegal sanaa hii huitwa suwer. Anayetaka kuijaribu ajue kwanza kwamba picha huchorwa upande wa nyuma wa kioo na kutazamwa upande wa mbele, kwa hiyo kilicho karibu na jicho hutangulia kuchorwa, na mandhari, ambayo kwenye ubao ungeanza nayo, huja mwisho.

Kioo cha dirisha chenye unene wa milimita 2 au 3 kinatosha. Mwombe fundi vioo akulainishie kingo, kisha kisafishe kwa spiriti, kwa sababu wino haushiki mahali palipoguswa na kidole chenye mafuta.

Kwa kuanzia, chagua taswira ya Sheikh inayotokana na picha iliyopigwa mwaka 1913: amesimama mbele ya ukuta wa mbao, amevaa kanzu nyeupe, ncha ya kilemba imeziba kinywa, viganja vimepotea ndani ya mikono ya kanzu, na jua kali limeuacha uso kivulini. Geuza mchoro wako kinyumenyume, uweke chini ya kioo, na uufuatishe kwa kalamu ya nibu na wino mweusi. Ukisahau kuugeuza, kushoto kutakuwa kulia. Na kama umeandika jina lake kwa Kiarabu, halitasomeka.

Mikunjo ya kanzu ni mistari ya wino tu, nayo ndiyo kazi yenyewe, maana weupe utakaoupaka juu yake hautarekebisha mstari uliopinda. Uache wino ukauke kabisa, la sivyo brashi itauburuta. Hapo paka macho, kisha ngozi, kisha kanzu, na mbao za ukuta mwisho, kwa rangi ya mafuta, kila tabaka likikauka kabla ya linalofuata. Kosa la tabaka la kwanza hukwanguliwa kwa wembe. La tabaka la tatu, mimi naona ni afadhali kuanza kioo kipya.

Ukishazoea, jaribu kisa mashuhuri zaidi cha Wamurid: mwaka 1895, Sheikh akipelekwa uhamishoni Gabon, inasimuliwa kwamba alikatazwa kuswali melini, akatandika msala juu ya bahari. Hapa chora Sheikh kwanza, halafu msala, samaki na povu, ndipo maji yafuate nyuma yao. Ukitanguliza bahari, samaki hawataonekana kamwe.

Rangi ikikauka, funika mgongo kwa kadibodi na uzibe kingo kwa utepe wa gundi. Vumbi lifutwe upande wa mbele tu.