Filamu za Barbara Stanwyck: uanze na ipi, na uiweke vipi televisheni

Stanwyck, mwigizaji wa kike wa Marekani, alicheza filamu zaidi ya 80, kwa hiyo usizifuate kwa mpangilio wa miaka. Ile ya 1929, The Locked Door, imetoka wakati sauti ndiyo kwanza inaingia kwenye filamu, na wengi huishia hapo wakidhani wamemwona.

Anza na The Lady Eve ya 1941. Anacheza tapeli wa karata anayemwinda kijana tajiri, Henry Fonda, ndani ya meli. Katika ukumbi wa chakula anampa kijana mgongo na kumchungulia kupitia kioo kidogo cha mkononi, huku akieleza kila mwanamke aliyemo ukumbini anajaribu mbinu gani. Maneno yanakwenda mbio, kwa hiyo washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri.

Lakini kabla ya kubonyeza chochote, tengeneza televisheni. Filamu za wakati huo zilipigwa kwa umbo la karibu na mraba, 1.37 kwa 1, hivyo lazima ubaki weusi kushoto na kulia. Ukiona picha imejaa skrini nzima, ama nyuso zimevutwa zikawa pana, ama vichwa na miguu vimekatwa. Zima pia kile kipengele cha kulainisha mwendo. Filamu hizi zina picha 24 kwa sekunde; televisheni ikichomeka nyingine katikati, uso wa Stanwyck unapoteza ile mikunjo midogo ya ghafla, na humo ndimo ulimo uigizaji wake. Mwongozaji Frank Capra aliligundua hilo mwaka 1930 walipopiga Ladies of Leisure: Stanwyck alitoa kila kitu mara ya kwanza, na marudio yakapoa. Capra akawa anawafanyisha waigizaji wengine mazoezi bila Stanwyck, kisha anampiga Stanwyck kwa kamera kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo tukio zito likianza, usilisimamishe katikati.

Ya pili iwe Double Indemnity ya 1944, anapovaa wigi la rangi ya dhahabu. Angalia mlango wa nyumba ya Fred MacMurray, anayeigiza naye: unafunguka kuelekea nje kwenye korido, jambo lisilo la kawaida kwa mlango wa nyumba, ili Stanwyck apate pa kujificha nyuma yake.

Baada ya hapo rudi nyuma hadi Baby Face ya 1933, ila chunguza urefu wake kwanza. Iliyokatwa na wadhibiti wa filamu ina dakika 71 hivi. Kamili, iliyopatikana tena mwaka 2004 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ina kama 76. Fundi viatu mzee akimhubiria kuhusu njia njema na njia mbaya, unayo iliyokatwa. Katika kamili anamwambia awatumie wanaume ili apate anachotaka.

Filamu yake nyingine, Meet John Doe, haina tena hakimiliki Marekani, hivyo nakala mbovu zimejaa kila mahali. Sikiliza dakika mbili. Sauti ikiwa na mvumo, tafuta nyingine.

Forty Guns ya 1957 iache ya mwisho. Hii ni ya skrini pana, weusi unahamia juu na chini. Farasi anapomburuta mguu ukiwa umenasa kwenye kikuku cha tandiko, anayeburutwa ni Stanwyck mwenyewe, akielekea miaka 50.