Kura Haisafiri kwa Posta: Namna ya Kujiandikisha na Kupiga Kura Zanzibar

Jamaa zetu walioko Oregon, Marekani, huletewa karatasi ya kura nyumbani, wakaijaza wakiwa wamekaa mezani na kuirejesha kwa posta. Zanzibar hakuna utaratibu huo, wala hakuna kituo cha kupigia kura nje ya nchi; mpiga kura hufika mwenyewe kwenye kituo ambacho jina lake limo. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi Mjini Unguja ilhali jina lake liko Micheweni, Pemba, au anayesoma Dar es Salaam ilhali ameandikishwa Jang'ombe, Unguja, ana jambo la kuamua mapema, nalo ni kuhamisha taarifa zake au kupanga safari.

Kabla ya daftari la wapiga kura kuna kitambulisho. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ambayo wengi tunaiita ZEC, huandikisha Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 na mwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kupitia ofisi zake za wilaya. Asiyekuwa nacho aanze na cheti cha kuzaliwa, kisha aende kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia (eneo dogo la utawala) anayoishi, ili athibitishwe kuwa ni mkaazi. Hatua hii ya sheha ndiyo inayowachelewesha watu wengi, hasa waliohama nyumba bila ya kutoa taarifa, kwa sababu sheha hawezi kumthibitisha mtu asiyekuwemo katika kumbukumbu za shehia yake. Ukihamia mtaa mpya, jitambulishe kwake wiki hiyo hiyo, hata kama uchaguzi bado uko mbali.

Tazama pia tahajia ya majina yako matatu. Mimi niliwahi kupoteza nusu siku katika ofisi moja kwa sababu cheti kiliandikwa Khamis na kitambulisho kikaandikwa Hamisi. Karani hakuwa na kosa, lakini nilirudishwa nyumbani kutafuta karatasi nyengine. Herufi moja hurekebishika kwa urahisi wakati hakuna foleni.

Uandikishaji wenyewe hauchukui muda mrefu. Tume hutangaza ratiba ya kila wilaya, na muombaji hufika katika kituo cha shehia yake, akatoa kitambulisho, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha akapatiwa kitambulisho cha mpiga kura, ambacho wazee bado wanakiita shahada. Aliyehamia jimbo jengine huomba taarifa zake zihamishwe, lakini sheria inataka awe mkaazi wa kweli wa jimbo analohamia kwa muda uliowekwa. Haitoshi kwamba kituo cha huko kiko karibu na kazini. Mtanzania anayeishi Zanzibar asiyekuwa na sifa za kuandikishwa na ZEC huandikishwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, naye hupiga kura za Muungano tu.

Baada ya hapo hubandikwa orodha, na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasifanye uvivu. Karatasi hubandikwa ukutani, mara nyingi kwenye skuli, na watu husimama wakiteremsha kidole kutoka jina moja hadi jengine. Usitosheke na kuliona jina lako. Linganisha na namba ya kitambulisho, kwa kuwa katika shehia moja unaweza kuwakuta akina Juma Haji Makame wanne. Jina likikosekana, au likiwepo la marehemu au la mtu aliyehama, dai au pingamizi hupelekwa ndani ya siku zilizotangazwa. Siku ya kupiga kura hakuna awezaye kukuingiza katika daftari.

Kuna pia kura ya mapema, na isichanganywe na kura ya posta. Hupigwa siku moja kabla, kama ilivyokuwa Oktoba 27, 2020 na Oktoba 28, 2025, na ni ya wale ambao siku yenyewe watakuwa kazini kwa ajili ya uchaguzi, kama vile watendaji wa uchaguzi na askari wa ulinzi wa vituo. Mfanyabiashara mwenye safari yake hahusiki. Aliyeandikishwa Pemba na yuko Unguja akate tiketi ya boti mapema, tena si ya usiku wa mwisho, kwani bahari ikichafuka na boti ikiahirishwa, kura yake imekwenda.

Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na aliyekwishafika kwenye foleni wakati wa kufunga huhudumiwa. Jina husomwa kwa sauti ili mawakala wa vyama wasikie, kidole hutiwa wino, nawe hupewa karatasi za kura. Kwa Mzanzibari ni tano: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani, kisha Rais wa Jamhuri ya Muungano na Mbunge. Ndani ya kituturi, yaani kijichumba cha kupigia kura kwa siri, weka alama ya vema katika kisanduku cha mgombea mmoja tu kwa kila karatasi. Ukikosea, usichafue kwa kufutafuta. Mrejeshee msimamizi akupe nyengine. Asiyeona anaweza kutumia kifaa maalumu cha kupapasa, au kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Ukitoka, kadi yako ya mpiga kura isitupwe kabatini ikasahaulika. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na kurudiwa Machi 20, 2016, na chaguzi ndogo nazo hutangazwa jimbo linapobaki wazi. Mwenye kadi iliyopotea aende ofisi ya Tume ya wilaya yake kabla ya tangazo kutoka.